Gramu Hamsini na Nane za Kisu cha Baba

Jumatatu, 5 Mei

Naandika kwa sababu moja. Nataka kumbukumbu sahihi ya kazi ya kupunguza uzito wa kisu cha Baba: tarehe, vipimo, hatua na matokeo. Nimehitimu shahada ya uhandisi wa mitambo, nimerudi Shella, hapa Malindi, kwa wazazi wangu, na kila tangazo la kazi ninalolisoma linadai uzoefu. Mradi huu utakuwa uzoefu wangu. Kwa hivyo daftari hili halitakuwa na porojo.

Leo nimekipima kisu kwa mara ya tatu, kwa sonara wa mji wa kale, kwa kuwa mizani ya Mama ya jikoni haitambui kitu chepesi namna hii. Sonara alikigeuza kisu mara mbili mkononi. "Bi Nuru, mizani hii imezoea bangili za maharusi. Leo umeitia hofu." Gramu mia moja thelathini na moja. Jibu lile lile mara zote tatu. Nimeridhika na kipimo.

Maelezo ya kifaa. Kisu cha kukunja, urefu wa kiganja. Mpini umefunikwa kwa pembe pande zote mbili, ndani yake mna mabati mawili ya shaba. Bapa moja la chuma. Baba amekitumia kubebesha michungwa na michenza tangu kabla sijazaliwa. Kubebesha ni kutoa jicho kwenye tawi la mti mzuri na kulipandikiza kwenye mche wa mlimau, ili mlimau uzae kisichokuwa limau. Watu wa Malindi hadi Kakuyuni wanakula machungwa ya mkono wake bila kujua.

Sababu ya mradi. Mkono wa kulia wa Baba unapungua nguvu tangu mwaka jana. Juzi, tukinywa chai, kisu kilimponyoka akimenya chungwa. Alikiokota, akakitazama, akasema, "Kisu hiki kimekuwa kizito."

Muda. Kiwanja cha ukoo kimeuzwa. Mnunuzi atajenga nyumba za wageni, na mchenza aliouacha Bibi, mama yake Baba, umesimama katikati ya ramani yake. Ametupa hadi mwisho wa mwezi huu. Hakuna mchenza mwingine wa aina ile. Baba ameutafuta mpaka Watamu. Anataka kubebesha miche thelathini kutoka mti ule kabla haujakatwa. Anataka kukata kwa mkono wake.

Kwa hivyo kisu lazima kiwe chepesi kabla ya tarehe 17, siku aliyoipanga ya kubebesha. Nina siku kumi na mbili.


Jumatano, 7 Mei

Nimekifungua kisu leo. Nilitoboa ribiti tatu kwa uangalifu, nikatandaza vipande juu ya kanga kuukuu ya Mama, nikavipeleka kwa sonara kimoja kimoja. Bapa 34. Springi 19. Mabati ya shaba 31. Pembe 26. Ribiti na vikorokoro 7. Ulimi wa shaba 14.

Huo ulimi sikuwahi kuuangalia vyema. Ni kipande bapa cha shaba kwenye kisogo cha mpini, kimechongoka kidogo, kimelainika kwa kushikwa. Nao hukunjwa na kukunjuliwa. Hauna makali. Haukati. Nimeandika pembeni mwa mchoro: mzigo usio na kazi.

Nimefanya mchoro kwa vipimo kamili. Ni mchoro mzuri. Nasema hivyo bila aibu.


Alhamisi, 8 Mei

Siku nzima kwenye karakana ya fundi Mbwana, anayetengeneza mageti ya chuma karibu na soko. Amenikubalia kutumia jiliwa lake la kubania na keekee ya kutobolea. Vijana wake walidhani nimekuja kuagiza geti.

Nimetoboa mabati ya shaba matundu kumi na manane kila moja, kwa mistari mitatu. Yamepungua gramu 14. Ulimi nimeukata kwa msumeno wa chuma, nikasawazisha mahali pake kwa tupa mpaka kidole hakihisi kitu. Gramu 14 nyingine. Kipande kilianguka sakafuni kati ya vyuma chakavu, nikakiacha.

Mbwana alipita akachungulia. "Dada, ukikipunguza tena kitabaki jina."

Nilimweleza kanuni: kifaa kizuri ni kile kisichobeba kitu kisichofanya kazi. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nilifurahi kuitikiwa. Naandika ukweli.

Uzito: 103.


Ijumaa, 9 Mei

Nimemkabidhi Baba kisu baada ya sala ya Ijumaa. Nilikuwa nimekifunga kwa karatasi, kama zawadi. Nilimwamkia, nikamweleza hatua zote, nikamwonyesha mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho. Baba ni msikilizaji mzuri.

Kisha alikikunjua. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kisogo cha mpini. Kikasimama pale. Kikapita, kikarudi.

"Umeifanya mwenyewe kazi hii?"

"Mwenyewe, Baba."

"Mashallah. Imetulia." Akakikunja. Akakikunjua tena, akakata kijiti cha mlimau kilichokuwa barazani. Mkato ulikuwa safi. Mkono ulitetemeka. "Bado kizito kidogo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Nimeumia. Nilitarajia sifa zaidi ya hizo. Nimepunguza zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wote. Lakini mhandisi hulisikiliza neno la mtumiaji. Nitarudi karakana.


Jumapili, 11 Mei

Awamu ya pili. Nimeondoa pembe na kuweka mbao nyembamba za mvule, nilizozipiga msasa hadi unene wa sarafu mbili zilizobebanishwa. Kutoka 26 hadi 9. Nimeichonga springi, kutoka 19 hadi 13. Nimepunguza mgongo wa bapa kwa tupa, polepole, huku nikililowesha maji lisipate moto na kupoteza ugumu. Kutoka 34 hadi 27.

Uzito: 73. Pungufu ya gramu hamsini na nane. Asilimia arobaini na nne.

Nilikwenda kwa sonara hata kabla ya kula. Alikiweka, akasoma, akanitazama juu ya miwani. "Ukiendelea hivi nitakuvisha kisu hiki sikioni." Nilicheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu mahafali.

Baba alikishika. Alikipima kiganjani. Akasema, "Ahsante, mama." Hakusema kwamba ni chepesi.


Jumanne, 13 Mei

Hospitali na Baba. Daktari alimnyooshea vidole viwili, akamwambia avibane. Alibana. Daktari akasubiri, kana kwamba Baba bado hajaanza.

Ni mishipa ya fahamu. Nguvu iliyokwenda haitarudi, na iliyobaki itakwenda nayo. Huenda mkono wa kushoto ukafuata. Daktari alisema kwa lugha nzuri, na mimi niliandika kila neno, kwa sababu nilihitaji kufanya kitu.

Njiani, ndani ya tuktuk, Baba alinisimulia bei ya miche ya mipapai.

Sasa nimeelewa. Tarehe 5 kisu kilikuwa na gramu 131 na kilimlemea. Leo kina gramu 73 na kinamlemea vile vile. Nimekuwa nikishindana na mkono wake, na mkono unakwenda kasi kuliko tupa yangu.

Nimemwomba atumie wembe siku ya Jumamosi. Amesema vidole vyake haviwezi kushika kitu chembamba hivyo. Nimemwomba amwachie mtu mwingine akate. Amekifuta kisu kwa kikoi, akakitia mfukoni.


Jumamosi, 17 Mei

Siku ya kubebesha. Nitaandika yote.

Tulifika kitaluni Ganda saa moja na robo. Kitalu ni cha Mzee Karisa, Mgiriama, mwenzake Baba wa kazi tangu ujana wao. Baba hukata, Karisa hufunga. Macho ya Karisa yana mtoto wa jicho. Hufunga utepe wa nailoni kwa kupapasa, na hakosei. Kukata ndiko hawezi.

"Athmani! Leo umekuja na injinia? Basi miche yangu itaota nyaya."

"Nyamaza wewe. Hata ikiota, utaijuaje?"

"Nitashtuliwa na umeme."

Walicheka mpaka Baba akakohoa. Mimi nilisimama na daftari. Ni mara yangu ya kwanza kusimama mle tangu nikiwa na umri wa miaka sita. Baba hakunitaka shambani. Kila nilipomfuata nilirudishwa: "Wewe kasome." Nilisoma.

Miche thelathini ya mlimau, imepangwa kwa mistari mitatu kwenye mifuko. Vijiti vya macho kutoka mchenza wa Bibi, vimefungwa kwa kitambaa chenye maji. Baba alikaa kwenye kigoda. Alichora mkato wa wima kwenye gome la mche, akauvusha mwingine juu yake. Akatoa jicho kwenye kijiti, jembamba, lenye umbo la ngao. Mikato ilikuwa mizuri. Bapa langu lilikata vizuri sana. Niliandika hivyo.

Kisha ilibidi gome lifunguke ili jicho liingie. Baba aligeuza kisu mkononi, kama anayetaka kutumia upande wa pili. Akasita. Akakigeuza tena. Akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye mkato na kusukuma. Ukucha uliteleza. Alisukuma tena. Gome lilipasuka pembeni.

Karisa, aliyekuwa amenyoosha mkono kungojea, aliuliza, "Athmani, kwani ule..."

"Karisa. Funga."

Karisa alifunga. Aligeuza uso kuelekea nilipo, ingawa sidhani aliniona vyema.

Mche wa kwanza, dakika nne. Wa kumi, dakika tisa. Kufikia wa ishirini, ukucha wa Baba ulikuwa umeinuka na ulikuwa unavuja damu, naye anaufuta kwa kikoi ili usichafue mti. Mara mbili alitumia ncha ya bapa kufungua gome, na mara zote mbili bapa lilikata lilichotakiwa kuinua tu. Nilisema, "Baba, tupumzike." Alisema, "Jicho halingoji." Wa thelathini ulimalizika adhuhuri imeingia.

Niliandika: uchovu wa misuli, athari kwa kasi. Ndivyo nilivyoandika. Nimeiacha hapa juu sentensi ile kuhusu bapa kukata vizuri vile vile.


Jumatatu, 19 Mei

Nimeitwa kwenye usaili. Kiwanda kimoja cha Mombasa kinachotengeneza vipuri vya mashine, tarehe 11 mwezi ujao. Wametaka nije na mradi niliousimamia mwenyewe. Nimesoma barua pepe mara tano.

Baba ameomba nimsomee kwa Kiswahili. Nilipofika "mradi" aliinua kidole kilichofungwa bendeji. "Kisu," akasema, akatabasamu.


Jumamosi, 31 Mei

Wameukata mchenza leo asubuhi. Msumeno wa mashine. Haukuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Mama alifunga madirisha ya upande ule. Baba alikaa barazani na redio ikiwa juu, kituo ambacho hakisikilizi kamwe.

Alasiri mtu wa mnunuzi alileta mfuko wa machenza yaliyodondoka, kwa adabu. Mama alimshukuru. Mfuko uko jikoni. Hakuna aliyekula.

Baba ameniambia jambo moja tu. "Alhamdulillahi, macho tumeshayachukua."


Jumamosi, 7 Juni

Siku ya pili ya Idi. Tumekwenda Ganda kufungua utepe. Wiki tatu zimetimia. Jicho lililoshika hubaki kijani, lililokufa huwa jeusi.

Baba hakuweza kufungua mwenyewe. Karisa alifungua, mimi nikaangalia kwa niaba ya macho yake na kutamka. Nilikuwa nimechora jedwali.

Jeusi. Jeusi. Jeusi. Jeusi. Kwenye mstari wa kwanza niliacha kusema "jeusi", nikawa nasema "hapana", kisha nikawa nagusa tu mkono wa Karisa na yeye anasogea mche mwingine.

Mawili yamepona. Mawili kati ya thelathini. Yote mawili ni ya mwanzo, wakati ukucha ulikuwa mzima.

Baba alisema anakwenda kutawadha. Alitembea polepole mpaka bombani.

Nilimwuliza Karisa nini kimetokea. Alizungusha utepe kidoleni.

"Umeniuliza, mwanangu, nami sitakudanganya. Ule ulimi wa shaba uliupeleka wapi?"

Nilisema niliuondoa. Nilisema haukuwa na kazi.

"Ulimi ndio unaofungua gome. Chuma hukata, kucha hupasua. Shaba huinua, haiumizi. Miaka yote sikumwona Athmani akiingiza jicho bila ulimi. Hata mimi nilisikia kwa masikio: siku ile haukulia ule mlio wa gome kuachia. Kulikuwa na mchaniko tu."

Nilimwuliza mbona hakusema siku ile.

"Nilifungua mdomo. Ulimsikia alivyonifunga."

Nimeandika maneno yake yote kama yalivyo.

Niliua mchenza wa Bibi. Mnunuzi aliukata mti. Mimi niliua macho. Sina njia nyingine ya kulisema.


Jumapili, 8 Juni

Nilifika karakana kabla Mbwana hajafungua. Tulipekua rundo la vyuma chakavu, yeye, mimi na vijana wake wawili, mpaka sakafu ikaonekana. Hakuna. Muuza vyuma chakavu alipita na mkokoteni wiki iliyopita, na shaba ndiyo huichagua kwanza.

Mbwana alinikatia kipande kipya cha shaba na kukichonga kwa kukisia. Kizuri. Hakikuwahi kushikwa na mtu. Na hata kikifaa, kifanye nini? Hakuna mchenza wa kutoa macho na hakuna mkono wa kuyaingiza.

Nilikirudisha. Mbwana alisema nikichukue tu, cha bure. Nilikichukua kwa kuwa sikuweza kubishana bila kulia mbele ya vijana wake.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni mchoro. Niliutazama tena. Kila mstari uko sawa. Vipimo viko sawa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Katika siku zote zile sikumwuliza Baba swali hata moja. Nilimweleza. Nilimwonyesha. Sikumwuliza.


Jumatano, 11 Juni

Mombasa. Usaili saa nne asubuhi. Watu watatu upande wa pili wa meza, wawili wanaume na mwanamke mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Nilivaa baibui jipya. Niliwasilisha mradi kwa mpangilio: tatizo, uchambuzi, awamu mbili, matokeo. Gramu mia moja thelathini na moja hadi sabini na tatu, bila kudhoofisha makali. Waliuliza juu ya matundu kumi na manane na kwa nini mistari mitatu. Nilijibu vizuri. Najua nilijibu vizuri.

Kisha yule mwanamke akauliza, "Na mwenye kisu, alipokeaje mabadiliko haya?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilivuta pumzi. Nilimwona Baba anafuta damu kwa kikoi.

Nikasema, "Aliridhika kikamilifu."

Kikamilifu. Hilo neno la pili hakuna aliyeniomba.

Waliandika. Mwanamke yule alitabasamu, akasema ni nadra kuona kijana anayeanza na shida ya mtu wa nyumbani kwake. Nilishukuru. Nilisimama kwa heshima, nikatoka, nikaingia chooni nikanawa uso mara tatu.

Nimemdanganya mtu aliyeniuliza swali lile lile ambalo mimi mwenyewe sikuliuliza.


Jumatatu, 16 Juni

Wamepiga simu. Nimepata kazi. Nitaanza mwezi ujao.

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka na sufuria mkononi. Alimwita kila shangazi kwenye simu. Baba alinishika kichwa kwa mkono wake wa kushoto na kunisomea dua. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Sikuwa nimeuona ukilala hivyo kabla, kama kitu alichowekewa na mtu mwingine.

Alimwambia jirani, "Kwa kile kisu, unajua? Walimpa kazi kwa kisu changu."

Jirani alisema mashallah. Baba alilirudia kwa aliyefuata. Na kwa aliyefuata.

Nilisema kichwa kinaniuma, nikaingia ndani. Si uongo.


Alhamisi, 19 Juni

Nimemwambia leo. Baada ya sala ya alasiri, barazani, Mama akiwa kwa shangazi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa utaratibu, kwa aya. Nilipoketi niliweza kusema moja tu.

"Baba, ule ulimi."

"Ehee."

"Niliukata mimi. Sikujua kazi yake."

Alirekebisha kikoi chake. Bodaboda ilipita. Akasema, "Nilijua siku ile ile uliyonipa kisu. Kidole kilikwenda mahali pake kikakuta hapana kitu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Nadhani nilimwuliza kwa ukali.

"Ulikuwa umefurahi, mama. Nimekusomesha miaka yote ile, sijawahi kuiona kazi yako kwa macho. Ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nikuambie imeharibika?"

"Macho yamekufa, Baba. Ishirini na nane."

"Miche ni miche." Hakunitazama aliposema hivyo.

Nililia. Aliniacha nilie. Hakunibembeleza, na namshukuru kwa hilo. Nilimweleza pia nilivyojibu Mombasa. Alisema hilo ni langu na Mola wangu, na yule bibi mwenye miwani, na kwamba mdomo ninao. Nimeamua nitamwambia nikiripoti kazini, siku ya kwanza. Huenda ikanigharimu. Iwe itakavyokuwa.

Kisha akasema jambo ambalo nitaliandika polepole. "Nilikuwa nakufukuza shambani ili usiipende kazi hii. Nilichelea ukiipenda utabaki. Basi usijilaumu peke yako kwa kutoijua."

Tukakaa. Mama alirudi, akatuona, akaenda jikoni moja kwa moja bila kuuliza.

Yale macho mawili ya mchenza yaliyopona yamevimba, Karisa amepiga simu kusema. Sasa kichwa cha mlimau lazima kikatwe juu ya jicho, la sivyo mlimau utajilisha wenyewe na mchenza utalala humo humo mpaka ufe. Unakatwa kwa mshazari, sehemu ya juu ya mkato iwe upande wa jicho, maji yasitiririkie juu yake. Ukikata chini mno, jicho linakauka. Ukikata juu mno, linazubaa. Baba alinionyesha kwa kidole cha kushoto kwenye kidole changu mwenyewe: hapa, si hapa. Nilimwuliza maswali. Niliuliza mengi, mengine ya kipuuzi, na yote aliyajibu.

Yeye atakaa kwenye kigoda. Karisa atashika mche. Nitakata mimi.

Jumamosi hii, tarehe 21, kitaluni Ganda. Saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali.